Jicho Jekundu na Hukumu ya Mashine

Mhadhara uliotolewa mjini Shinyanga mbele ya walimu, wauguzi, wachimbaji wadogo na watumishi wa umma



Mas'ala niliyotakiwa kuyasemea jioni hii ni akili mnemba, yaani elimu ya kuifundisha mashine ipambanue sura, isome maandishi, ikadirie yatakayokuja na itoe rai juu ya mambo ambayo zamani hayakuwa na mtoa rai ila binadamu. Aghalabu wanaoyasemea mas'ala haya huanzia ng'ambo, kwenye makampuni ya California na maabara za Uchina, kisha humalizia kwetu kwa nasaha chache, kana kwamba sisi hatukupata kuguswa na kitu cha jinsi yake. Naomba ruhusa nianzie hapa hapa Usukumani, jikoni, penye moshi, kwa sababu naamini kwamba swali lililo zito kupita yote katika jambo hili tulikwisha kuulizwa sisi kabla ya mashine kuwasili, na jibu tulilolitoa liligharimu roho za watu.

Kwa mujibu wa hesabu ya kamati iliyoundwa kuchunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara baina ya mwaka 1970 na 1984, walio wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ikitokea katika nchi hii ya Wasukuma. Na baada ya mwaka huo wa 1984 mauaji hayakukoma. Kila mwenye umri wa kutosha humu ukumbini anajua mambo yalivyokuwa yakienda. Mtoto huugua, au ng'ombe hufa, au mtu hufilisika. Jamaa hushika njia kwenda kwa mpiga ramli. Kuku hupasuliwa, yakasomwa mabawa na matumbo yake. Kisha hutajwa upande ilipo nyumba, ama hutajwa sifa za mtu, na mtu huyo, mara nyingi kupita kiasi, huwa ni bibi kizee mjane mwenye macho mekundu. Usiku huja vijana na mapanga.

Macho yale yalikuwa mekundu kweli. Hilo ndilo ninalowaomba mlizingatie, maana hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yangu yote: alama haikuwa ya kubuniwa, mwenye kuitazama aliiona, na mwenye kubisha hakuweza kusema haipo. Lakini asili ya wekundu ule ilikuwa moshi, na asili ya moshi ilikuwa samadi iliyokaushwa na mabua ya pamba, kwa kuwa kuni hazikuwapo; na kuni hazikuwapo kwa sababu misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza ili kumfukuza mbung'o tangu zama za Mwingereza, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho ya mifugo iliyozidi kuongezeka, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kufufua ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa, na kurudisha miti. Bibi aliyeinama juu ya mafiga umri wake wote, katika nyumba isiyo na dirisha, akipuliza moto wa samadi ili wajukuu wale, alikuwa amebeba machoni pake taarikhi ya ardhi ya mkoa mzima. Na wasomaji wa alama wakaisoma taarikhi ile kuwa ni uovu wa moyo wake.

Sasa na tuitazame mashine. Akili mnemba iliyoenea katika zama hizi haifundishwi kwa kupewa sababu za mambo, bali hupewa mifano mingi mno, mathalani maelfu kwa maelfu ya picha za vifua, kila picha ikiwa imeandikwa kama mwenyewe alikuwa na kifua kikuu au hakuwa nacho, nayo hupekua na kupekua mpaka ifahamu alama ipi hufuatana na jibu lipi. Ikishafuzu, huonyeshwa picha mpya, nayo hutoa namba ya kukisia. Inajua kwamba hiki hufuatana na kile. Kwa nini vifuatane, haijui wala haikufundishwa kuuliza. Na mara nyingi kukisia huko hunasibu, tena hunasibu kwa kiasi cha kustaajabisha, nami sitaki kumpunguzia heshima yeyote aliyeshiriki kuibuni elimu hii. Lakini mwenye kujua kufuatana bila kujua sababu anaweza kuitazama alama ya kweli akaitolea hukumu ya uongo, na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuletewa mwalimu wa kutueleza hilo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliafiki kwamba programu za namna hii zitumike mahali pa msomaji binadamu katika kuzisoma picha za eksirei za kifua, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ili kuwachuja wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Nasema bila kusita kwamba hiyo ni rehema, kwa kuwa madaktari bingwa wa kuzisoma picha hizo ni haba katika nchi yetu na hawapatikani kwenye vituo vya pembezoni, na kifua kikuu cha kawaida hutibika kwa dawa za miezi sita endapo kitajulikana mapema. Picha hupigwa, na kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati, skrini huonyesha pafu lake limepakwa rangi, nyekundu pale penye shaka, na pembeni imeandikwa namba, tuseme 63 katika 100. Mhudumu hutazama kama namba imevuka kizingiti kilichowekwa, na mgonjwa huambiwa apite mlango huu ama ule.

Lakini mgonjwa wa huku ni nani? Nendeni Nyarugusu, nendeni Rwamagasa au Mgusu katika mkoa wa Geita, au hapa jirani Mwakitolyo, mkasimame karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, wakati mawe yaliyotoka duarani, yaani katika shimo la kuchimbia dhahabu, yanasagwa yakiwa makavu. Vumbi lake ni jeupe na jepesi kama unga, hukaa kwenye kope za vijana wanaomimina mawe hata wakaonekana wamezeeka kabla ya siku zao, na ndani ya vumbi hilo mna silika, ambayo ikivutwa kwa miaka huliachia pafu makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Na juu ya hayo, mwenye nao yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifua kikuu kuliko mtu wa kawaida, hata katika kifua kimoja mkaweza kukutana makovu ya vumbi, makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kupona, na kifua kikuu kipya kinachoanza. Uchunguzi uliofanywa juu ya mapafu ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini umeonyesha kwamba kuvipambanua vitu hivyo ni kazi ngumu kwa mashine. Si ajabu, hata tabibu mzoefu huomba apewe picha za zamani za mgonjwa huyo, na humwuliza amefanya kazi gani na kwa muda gani, maswali ambayo mashine haiyaulizi. Kwa hiyo mchimbaji mwenye kovu la vumbi tupu aweza kuandikiwa dawa za miezi sita zisizomfaa, na mwenzake mwenye ugonjwa uliojificha nyuma ya makovu aweza kurudishwa duarani akawakoholee wengine kumi chini ya ardhi, kwenye hewa isiyotembea. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeelekeza kwamba kizingiti cha namba kipimwe upya mahali programu itakapotumika, kwa watu wa mahali hapo. Agizo hilo likipuuzwa kwa sababu programu imekuja na kizingiti chake tayari kutoka kiwandani, hapo jicho jekundu limekwisha kurudi, isipokuwa safari hii limeingia kifuani.

Mfano wa pili mnao mifukoni mwenu. Mikopo ya simu ilianza kuenea nchini tangu mwaka 2014, na mwenye kuamua nani akopeshwe na kiasi gani siyo karani, bali ni hesabu ya mashine inayopima namna mtu anavyotuma na kupokea fedha na namna anavyoitumia laini yake. Mchimbaji mdogo hapati mshahara. Katika duara, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana viroba vya mawe. Kila mmoja hupeleka vyake mwaloni, akasaga, akaosha, akakamata kwa zebaki, akachoma, akauza. Duara likitema atapokea zaidi kwa wiki moja kuliko mwalimu kwa mwaka, na lisipotema atakaa miezi mitatu pasipo senti kupita katika simu yake. Maisha hayo, kwa hesabu iliyofundishwa juu ya watu wa mishahara na biashara za kila siku, hufanana na maisha ya mtu asiyeaminika. Mwanamke anayeponda mawe au anayeosha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, naye hana leseni yenye jina lake, na mauzo hupita kwa jina la mwingine, kwa hiyo mashine haioni jasho lake hata kidogo. Naam, tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwezi Machi mwaka 2019, yako mauzo yanayoandikwa kwa insafu kitabuni. Lakini yanaandikwa kwa aliyeleta dhahabu mezani, siyo kwa aliyeiponda. Wanaokataliwa na hesabu ya halali huangukia katika mikono ya ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na ambayo sasa imehamia simuni, ikiomba ruhusa ya kuyasoma majina ya jamaa zako wote ili siku ukichelewa kulipa watumiwe ujumbe wa kukuaibisha. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nadhani wamo humu waliozifahamu kabla Benki Kuu haijazitaja.

Wengi wenu mtataka niseme juu ya ajira, nami nitasema kwa ufupi. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, mashariki mwa Kongo, mashine za kupakia mawe chini ya ardhi zimekuwa zikijiendesha, na mtu mmoja aliyeketi juu ya ardhi husimamia kadhaa kwa pamoja. Jambo hilo litafika katika kila mgodi wenye mtaji, na wana wetu wafundishwe mapema kukaa katika kiti kile. Na wenye kuifundisha mashine nao ni wafanyakazi: mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi machafu mno, kusudi programu mashuhuri ya Marekani ijifunze kuyaepuka. Dhulma ya ujira tunaijua, na njia za kuipinga tunazijua. Ninalolihofia zaidi ni jambo jingine.

Ninahofia kupotea kwa mwenye dhamana. Mwulize mpiga ramli baada ya mauaji, atakwambia, "Mimi nilisoma kilichoonekana, sikumwua mtu." Mwulize kijana mwenye panga, atakwambia alitumwa. Waulize jamaa waliomtuma, watakwambia, "Mganga ndiye aliyesema." Damu imemwagika mbele ya watu wote hao, na kila mmoja ameiweka mlangoni kwa mwenzake, mpaka imekuwa damu isiyo na mwenyewe. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikawataka waganga wajiandikishe, na mwaka 2015 serikali ikapiga vita ramli chonganishi. Lakini ugumu wa kesi za mauaji hayo umekuwa siku zote ni huu wa kumpata mtu anayekubali kwamba hukumu ilikuwa yake. Sasa angalieni. Mhudumu husema, "Kompyuta imekataa." Meneja husema mfumo umetoka makao makuu. Makao makuu husema mfumo umenunuliwa kwa kampuni ya nje. Kampuni husema mashine imejifunza yenyewe kutokana na takwimu. Na mama aliyenyimwa, akiwa amesimama dirishani na kitambulisho chake mkononi, hana wa kumwuliza.

Insafu yanitaka niseme pia pale ambapo mashine na ramli hazifanani, maana nisiposema hivyo nitakuwa nami nimemsingizia asiyekuwapo. Ramli haikubali kupimwa. Ikikosea, hupatikana sababu ya kosa, na ramli hubaki salama. Mashine hupimika. Unaweza kuipa picha elfu moja ambazo majibu yake yanajulikana, ukahesabu imekosea ngapi, na imemkosea nani zaidi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za makampuni makubwa zilizokuwa zikibainisha kama sura ni ya mwanamume au ya mwanamke, wakakuta kwamba programu moja ilikosea sura za wanawake weusi kwa asilimia 34.7 ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika hata asilimia moja. Na baada ya kutangazwa makosa hayo, makampuni yalirekebisha. Hiyo ndiyo fadhila kubwa ya mashine juu ya ramli. Lakini fadhila hiyo humzidishia lawama mwenye kuitumia bila kuipima, kwa sababu mpiga ramli hakuwa na njia ya kujua, na huyu anayo.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya kina mno, kwamba mashine ni sanduku lililofungwa na wataalamu wa ng'ambo, na kwamba sisi wa Kahama na Geita hatuna la kufanya ila kushukuru au kuikataa. Nawakumbusha mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yaliyotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mchanga ule ulikuwa ukisafirishwa kwenda kuyeyushwa nje, na kilichomo ndani yake kikijulikana kwa kauli ya msafirishaji. Iliundwa kamati ya Profesa Mruma, makontena yakafunguliwa, sampuli zikapimwa. Hesabu zilizotolewa zilibishaniwa vikali na kampuni, na si kazi yangu leo kuamua nani alikuwa na haki katika kila tarakimu. Mabishano yaliishia katika mapatano, serikali ikapata hisa asilimia 16 katika migodi ile kupitia kampuni ya Twiga iliyoundwa kwa ubia. Lililobaki ni hili: palisemwa kwamba mwenye mali ana haki ya kufungua na kupima, na lilipokwisha kusemwa, lilifanyika. Mtu aliyedai haki hiyo juu ya mchanga hashindwi kuidai juu ya mapafu yake.

Tena sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili mwaka 2024. Na miongoni mwa haki ilizompa mtu ni kutohukumiwa na uamuzi unaomgusa kwa uzito ilhali uamuzi huo umetokana na mashine peke yake. Ni maneno mema. Lakini haki iliyoandikwa Dodoma kwa lugha ya wanasheria haimfikii bibi wa Mbogwe ambaye Kiswahili chenyewe anakisikia kwa tabu na lugha yake ni Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini na ambayo mashine hizi karibu hazijaijua. Kwake yeye haki ni mtu anayeweza kumfuata, mwenye jina, mwenye meza, anayesema lugha yake.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni machache. Programu yoyote ya kusoma vifua isianze kutumika katika ukanda wa dhahabu mpaka kizingiti chake kipimwe kwa vifua vya wachimbaji wa ukanda huu, na mgonjwa aulizwe kazi yake kabla namba haijasomwa, na jibu lake liandikwe karibu na namba. Kila karatasi au ujumbe wa kukataa, uwe wa mkopo, wa matibabu au wa ruzuku, uwe na jina la ofisa anayewajibika kwa kukataa huko, na siyo jina la mfumo. Ofisa huyo awe na mamlaka ya kuitengua kauli ya mashine, na asiadhibiwe kwa kuitengua. Na malalamiko yapokelewe kwa mdomo, kwa Kisukuma, katika ofisi ya kata, kisha yaandikwe na anayepokea, badala ya kumtaka mlalamikaji ajaze fomu katika simu ile ile iliyomnyima.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba masharti haya yatachelewesha kazi, na kwamba maskini ndiye atakayeumia kwa kungoja. Hoja hiyo naipokea kwa uzito wake, kwa kuwa kungoja kumewaua wengi katika nchi hii. Lakini katika habari ya kifua, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mauti, tayari kiko kipimo cha makohozi cha GeneXpert, kinachotafuta kijidudu chenyewe badala ya kovu, na jibu lake hutoka kwa muda usiozidi saa mbili. Mchimbaji aliyetembea kutoka Rwamagasa akiwa na kikohozi cha majuma mengi yuko tayari kukaa kwenye benchi kwa saa mbili hizo, maadamu kuna mtu atakayetoka kumweleza kilichoonekana.